MTOTO WA PAKA MWENYE MAFUA SUGU: USIMTUPE, MUUGUZE

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Msemo huo hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote anayeishi katika kambi ya jeshi au kota za polisi hapa Uganda, mahali ambapo magunia ya unga wa posho na ya maharagwe hupangwa ghalani, na ambapo familia nyingi hulala ukuta kwa ukuta. Panya mmoja jike akipata tundu la kuingilia, haipiti miezi mingi kabla ghala halijawa na ukoo mzima wa panya. Kwa hiyo paka katika makao ya askari si pambo la nyumba. Ni mlinzi wa zamu ya usiku asiyedai mshahara.

Lakini mlinzi huyo naye huzaa, na watoto wake huugua. Aghalabu maradhi huanza watoto wanapokuwa na umri wa majuma matatu hadi manane. Jana walikuwa wakirukiana na kuvutana mikia nyuma ya magunia. Leo wanapiga chafya, pua zinatiririka makamasi, na macho yamefumbwa kwa tongo kavu kana kwamba yamepakwa gundi. Baadhi yao hupona katika muda wa siku saba hadi kumi. Wengine hawaponi. Juma la tatu huingia, mwezi hukwisha, na bado jicho moja linatoa usaha na pumzi inakoroma. Hapo ndipo wenye nyumba wengi hukata tamaa, na mtoto wa paka hutiwa katika mfuko na kutupwa sokoni au kando ya barabara, huku watoto wa nyumba hiyo wakilia.

Makala haya yanakusudia kumweleza mama wa nyumbani, na askari pia, kwa nini maradhi haya hukawia kupona, jinsi ya kumuuguza mgonjwa kwa vitu vinavyopatikana jikoni, dawa zipi ni msaada na zipi ni sumu, na ni wakati gani hapana budi kumtafuta daktari wa mifugo. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya uuguzi huu inahitaji mikono safi na subira kuliko fedha nyingi.

SI BARIDI PEKE YAKE

Watu wengi hudhani kwamba paka mchanga hupata mafua kwa sababu ya kunyeshewa mvua au kulala juu ya sakafu ya saruji. Ni kweli kwamba baridi humdhoofisha, lakini baridi peke yake haizai ugonjwa. Wanaosababisha ugonjwa ni vijidudu, na wakubwa wao ni watatu.

Vya kwanza ni virusi vya hepesi vya paka, ambavyo wataalamu wawili wa Marekani, Crandell na Maurer, walivitangaza mwaka 1958. Hivi hupenda pua na macho. Mgonjwa hupiga chafya mfululizo, hupata homa, utando wa ndani ya kope huwa mwekundu na kuvimba, na mara nyingine kidonda hutokea juu ya kioo cha jicho. Vya pili ni kalisivirusi, vilivyoelezwa na Fastier nchini New Zealand mwaka 1957. Alama yake kubwa ni vidonda vya ulimi na vya kinywa; paka hudondosha mate, hukataa chakula kwa maumivu, na pengine huchechemea kwa siku chache ingawa hakuumia mguu. Wa tatu ni bakteria aitwaye klamidia ya paka, aliyeelezwa na Baker wa Marekani mwaka 1944. Huyu kazi yake hasa ni macho: huanza kwa jicho moja, na baada ya siku chache huhamia la pili, utando wa kope huvimba hata kufunika mboni, ilhali chafya huwa chache.

Mara nyingi vijidudu hivi haviji kimoja kimoja. Virusi vikisha kuichubua ngozi laini ya ndani ya pua, bakteria wengine hufuata nyuma, kama wezi wanaoingia katika nyumba ambayo mlango wake umekwisha kuvunjwa. Ndipo makamasi yaliyokuwa maji matupu huwa mazito, ya manjano au ya kijani.

KWA NINI UGONJWA HAUISHI

Sababu ya kwanza ni tabia ya virusi vya hepesi vyenyewe. Paka aliyeambukizwa, hata akipona na kunawiri, aghalabu hubaki navyo maisha yake yote. Virusi hujificha katika mishipa ya fahamu ya usoni na kulala humo kimya. Paka akipatwa na taabu, kama kuzaa, kunyonyesha, njaa, ugonjwa mwingine au kuhamishwa makao, virusi huamka na kutoka tena puani na machoni. Hii ndiyo siri ya yule paka ambaye katika kila uzao watoto wake huugua. Mama mwenyewe haonyeshi dalili kubwa, pengine chozi tu katika jicho moja, lakini kila anapowalamba watoto anawapa virusi pamoja na mapenzi yake. Kinga waliyoipata katika maziwa hupungua kadiri siku zinavyopita, na kwa baadhi yao huisha kabla hawajatimiza majuma manane.

Sababu ya pili ni dawa kukatizwa njiani. Jicho likikauka siku ya nne, mwenye nyumba huona kazi imekwisha na kuweka dawa kabatini. Klamidia hudhibitiwa kwa dawa ya kunywa inayotolewa kwa muda wa majuma manne, na paka wote wa nyumba hiyo hutibiwa pamoja, hata asiyeonyesha dalili. Ukimtibu mmoja na kuwaacha wanne, umejaza maji katika mtungi uliotoboka.

Sababu ya tatu ni msongamano. Paka sita wakila katika sahani moja na kulala katika kasha moja, hupeana vijidudu kila siku. Aliyepona leo huambukizwa tena kesho kutwa.

Sababu ya nne ni makovu. Virusi vikiharibu sana vijifupa vyembamba vya ndani ya pua, njia ya hewa haiwi tena kama ilivyoumbwa. Paka wa namna hiyo hukoroma na kupiga chafya mara kwa mara hata katika utu uzima wake. Hali kadhalika, utando wa kope ukivimba na kuchubuka katika umri mdogo, huweza kugandamana na jicho na kuziba njia ya machozi. Jicho hilo litalia siku zote, lakini paka anaweza kuishi vizuri na kukamata panya.

Sababu ya tano ni udhaifu wa mwili wenyewe. Minyoo, viroboto na lishe duni humnyonya mtoto wa paka damu na nguvu. Nguvu zikiisha, mafua ya siku kumi huwa mafua ya miezi miwili. Pia wapo wagonjwa ambao tatizo lao si mafua hasa: mwenye tundu katika kaakaa tangu kuzaliwa, au mwenye kinyama kilichoota nyuma ya pua. Daktari ndiye awezaye kuwatambua hao.

JINSI YA KUOSHA MACHO

Chukua nusu lita ya maji yaliyochemshwa, utie chumvi safi kijiko kimoja cha chai kisicho na kilele, ukoroge hata iyeyuke, kisha acha maji yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kama ajaribuvyo mama maziwa ya mtoto. Maji haya yatengenezwe mapya kila siku.

Nawa mikono kwa sabuni. Mviringe mgonjwa katika kitambaa, kichwa pekee kikiwa nje, ili asikuparure. Chovya pamba katika maji, uiweke juu ya jicho lililofumba, uishikilie kwa muda wa dakika chache mpaka tongo lilainike. Kisha pangusa taratibu kutoka pembe ya puani kwenda nje. Pamba iliyogusa jicho moja isiguse la pili, wala isirudishwe katika bakuli, itupwe. Usibandue tongo kavu kwa ukucha, na usilazimishe kope kufunguka kwa vidole. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, na kila mara dawa ya jicho itiwe baada ya kuosha, si kabla. Dawa inayopakwa juu ya usaha haifiki jichoni.

Kuna jambo moja linalohitaji uangalifu mkubwa. Watoto wa paka hufungua macho katika umri wa siku saba hadi kumi na nne. Ukiona mtoto ambaye hajafungua macho, na kope zake zimetuna kama kwamba kuna punje ndani, ujue kwamba usaha umekusanyika nyuma ya kope. Huyo asingojee. Mpelekee mganga wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani usaha ukikaa humo unaweza kulipofusha jicho kabla halijaona mwanga hata mara moja.

PUA, CHAKULA NA JOTO

Paka hula kwa pua kwanza, kinywa baadaye. Asiponusa, hali. Ndiyo maana watoto wengi wa paka wenye mafua hufa kwa njaa na kukaukiwa na maji, wala si kwa virusi vyenyewe. Kufungua pua, basi, ni sawa na kufungua mlango wa chakula.

Pangusa matundu ya pua kwa maji yale yale ya chumvi. Kisha mpe mvuke: weka sufuria ya maji ya moto katika chumba kidogo kilichofungwa, umpakate mgonjwa karibu nayo kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Sufuria iwe mbali na miguu yake, na watoto wa nyumba wasiachwe peke yao humo. Usitie majini mafuta ya mkaratusi wala dawa ya kuchua kifua cha binadamu. Ni sumu kwa paka. Wala usimlaze karibu na sigiri ya makaa. Moshi huichoma pua iliyokwisha kuchubuka, na hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu na wanyama pia.

Mara baada ya mvuke, mpe chakula kilichopashwa moto kidogo ili harufu yake ipande. Dagaa wetu wa mukene, wakioshwa kuondoa mchanga, wakachemshwa bila chumvi na kupondwa mpaka walainike, ni chakula kizuri kwa paka aliyekwisha kuanza kula. Kuku au nyama iliyochemshwa na kukatwakatwa vizuri pia yafaa, na yai lililopikwa. Posho na mchuzi pekee havimtoshi, kwani mwili wa paka umeumbwa kwa nyama. Usimpe chakula chenye kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji safi ni bora zaidi.

Akikataa kula mwenyewe, mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akae kwa tumbo lake au asimame, kichwa katika usawa wake wa kawaida. Tia ncha ya bomba pembeni mwa kinywa, usukume tone kwa tone, ungojee ameze. Kamwe usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maana chakula kitaingia mapafuni. Mtoto ambaye bado ananyonya aachwe na mama yake ikiwa mama ana maziwa. Kama hana, daktari wa mifugo aulizwe juu ya maziwa yanayofaa.

Mizani ni rafiki wa muuguzi. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na uzito wa karibu gramu 100, na akiwa mzima huongezeka takribani gramu 10 hadi 15 kila siku. Mwenye mizani ndogo ya jikoni ampime kila asubuhi na kuandika hesabu katika daftari. Uzito ukisimama kwa siku mbili, kuna kasoro. Ukipungua, kuna hatari. Mizani itakuambia mapema kuliko macho yako.

Joto nalo ni dawa. Nyumba za mabati huwa tanuri mchana na barafu alfajiri, na mtoto wa chini ya majuma manne hana uwezo kamili wa kuutunza mwili wake katika joto moja. Mtengenezee kasha lenye matambara makavu, na usiku umwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuzungushiwa kitambaa. Kasha liwe na nafasi ya yeye kujitenga na chupa akihisi joto limezidi. Mchana kasha liondolewe chini ya bati na kuwekwa kivulini penye hewa.

DAWA NA SUMU

Antibiotiki haziui virusi. Huwapiga wale bakteria waliofuata nyuma, pamoja na klamidia. Daktari wa mifugo akiona makamasi mazito, homa au mgonjwa kukataa chakula, mara nyingi huagiza doksisaiklini. Kipimo hutegemea uzito wa mgonjwa, na kidonge cha binadamu hakigawanyiki kwa kukisia. Tena kidonge cha doksisaiklini kisimezwe kikavu: kikikwama kooni huunguza na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Kifuatishwe na chakula kidogo au maji kwa bomba.

Kwa macho, daktari aweza kuagiza marhamu ya tetrasaiklini, itiwayo mara kadhaa kwa siku. Lakini soma maandishi ya kila tyubu ya macho kabla ya kuitumia. Zipo dawa za macho zilizochanganywa na steroidi, kama vile deksamethasoni au haidrokotisoni. Dawa hizo hupunguza wekundu upesi na kumfurahisha mwenye paka, kumbe chini yake kidonda cha hepesi kinachimba jicho hata kulitoboa. Zisitumiwe mpaka daktari alipime jicho na kuhakikisha kwamba halina kidonda.

Kwa virusi vya hepesi vilivyo vikali, ipo dawa iitwayo famsaikloviri, ambayo daktari huweza kuiagiza. Isidhaniwe kuwa ni sawa na vidonge vya asikloviri vinavyouzwa kwa ajili ya binadamu. Hivyo vya mwisho vina madhara makubwa kwa paka akivimeza. Wapo pia wanaouza unga wa lisini kuwa ni kinga ya mafua ya paka. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba lisini haina faida hiyo. Fedha ya unga huo ni afadhali inunue mukene.

Sasa nitaje sumu zenyewe, na ndugu msomaji azikumbuke. Parasetamoli, ambayo hukaa katika kila nyumba, humuua paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja; damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia au ya samawati, na uso huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka mkubwa, sembuse mtoto. Aspirini na ibuprofeni nazo zisiguswe. Dawa za viroboto vya mbwa zenye pemethrini humtia paka kifafa na kumuua. Mtoto wa paka mwenye viroboto achanwe kwa kitana chenye meno ya karibu, aoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kisha akaushwe haraka. Na hakuna sababu yoyote ya kumtia jichoni maji ya limau, majivu wala tumbaku.

KUMTENGA MGONJWA

Chafya ya paka hurusha matone umbali wa zaidi ya mita moja. Kwa hiyo mgonjwa atengwe katika chumba kingine, au angalau kasha lake liwe mbali na wenzake kwa mita mbili na kukingwa kwa ubao au shuka. Sahani yake, kitambaa chake na kasha lake la choo viwe vyake peke yake. Anayehudumia aanze kuwalisha wazima, amalizie na wagonjwa, kisha anawe mikono na kubadili shati au kanga aliyompakatia.

Virusi vya hepesi hufa upesi nje ya mwili, kwa kawaida katika muda wa siku moja. Kalisivirusi ni sugu zaidi na huweza kukaa juu ya vitu kwa juma zima au hata mwezi, na baadhi ya sabuni za kuua vijidudu haziviwezi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huviua. Osha kwanza vyombo na sakafu kwa sabuni na maji ili kuondoa uchafu. Kisha changanya klorini sehemu moja kwa maji sehemu 32, yaani karibu mililita 30 katika lita moja, upake na kuacha kwa dakika kumi, usuuze na kuanika juani. Klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote, na paka asirudishwe mpaka harufu iishe.

SIKU ZA UHAMISHO

Kuna jambo linalozihusu familia zetu kuliko nyingine. Askari huhamishwa. Leo uko Mbarara, mwezi ujao uko Gulu. Vyombo hupakiwa katika lori, na paka hutiwa katika gunia au kikapu. Taabu ya safari huamsha virusi vilivyolala, na kwa kawaida hutoka karibu juma moja baada ya taabu yenyewe, vikaendelea kutoka kwa juma moja au mawili. Basi mtu hufika kituo kipya, akaona siku ya saba jicho la paka linatiririka tena, akalaumu maji ya mahali pale au hewa yake. Sivyo. Ugonjwa aliupakia mwenyewe katika lori.

Dawa ya jambo hili ni kupunguza taabu. Mzoeze paka kikapu siku kadhaa kabla ya safari kwa kumlisha humo. Asafiri na tambara lake lenye harufu ya nyumbani. Mkifika, mfungie katika chumba kimoja tulivu kwa majuma mawili, pamoja na maji, chakula na kasha la mchanga, na msimchanganye na paka wa majirani wapya katika muda huo. Kwa kufanya hivyo mnamlinda yeye na mnawalinda paka wa kota nzima.

JE, BINADAMU ATAAMBUKIZWA?

Virusi vya hepesi na kalisivirusi vya paka havimwambukizi binadamu. Klamidia ya paka imepata kuonekana katika macho ya watu, lakini ni kwa nadra sana. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia mgonjwa ni kinga ya kutosha kwa watu wenye afya. Mtoto wako akiwa na macho mekundu, mpeleke zahanati. Usimtibu kwa dawa ya paka, wala usimhukumu paka bila ushahidi.

Hata hivyo, yako mambo mawili yasiyotaka mzaha. Kwanza, paka mwenye vidonda vya kinywa hudondosha mate, na paka mwenye kichaa cha mnyama naye hudondosha mate. Paka aliyebadilika tabia, akawa mkali bila sababu au akayumba, asishikwe kwa mikono mitupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Pili, katika eneo la West Nile, hasa wilaya za Arua na Zombo, tauni imepata kutokea mara nyingi. Paka akila panya mwenye tauni huugua vibaya na aweza kumwambukiza mtu. Paka wa huko mwenye homa kali na uvimbe mkubwa chini ya taya asidhaniwe kuwa ana mafua tu. Watoto wakae mbali naye, na waganga wapewe habari mara moja.

WAKATI WA KUMWITA DAKTARI

Mpeleke mgonjwa bila kukawia ukiona mojawapo ya mambo haya: anapumua kwa kinywa wazi, ufizi umekuwa mweupe au wa samawati, hajala kwa siku nzima, na kwa mtoto anayenyonya hata saa chache ni nyingi, jicho limefumbwa kwa nguvu kwa maumivu, au lina utando mweupe au wa buluu, mwili umekuwa baridi na mlegevu, au dalili zimepita majuma matatu bila nafuu. Kila wilaya ina ofisi ya mifugo, na mjini Kampala Chuo Kikuu cha Makerere kina chuo cha udaktari wa mifugo. Jicho lililopasuka huweza kuondolewa kwa upasuaji, na paka mwenye jicho moja huishi na kuwinda. Ikiwa mateso yamepita kiasi na hakuna tumaini, daktari anayo njia ya kumpumzisha bila maumivu. Kumtupa kando ya barabara si huruma. Ni kumpeleka mgonjwa akaambukize mtaa mwingine.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Chanjo ya hepesi na kalisivirusi hutolewa pamoja na ile ya ugonjwa wa kuharisha damu wa paka. Huanza katika umri wa majuma sita hadi manane, hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka majuma 16, kisha hukaziwa kabla ya mwaka kutimia. Haizuii kila maambukizo, lakini huufanya ugonjwa kuwa mwepesi. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia majuma 12. Dawa ya minyoo huanza mapema, tangu majuma matatu, na kurudiwa kila majuma mawili mpaka mtoto aache kunyonya. Gharama ya kumleta daktari kambini ni nzito kwa mtu mmoja. Lakini nyumba kumi zikijiunga na kumwita siku moja kwa paka wote, mzigo huwa mwepesi.

Juu ya hayo yote, paka afungwe uzazi. Jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu, na mimba huchukua takribani majuma tisa. Paka mmoja asiyefungwa uzazi hujaza kota watoto wasio na wa kuwalea, na mahali penye msongamano ndipo mafua yanapopata makao ya kudumu. Ghala halihitaji paka thelathini wagonjwa. Paka wawili au watatu wenye afya, walioshiba na kuchanjwa, hulinda magunia vizuri zaidi.

Basi mama mwenye nyumba, leo jioni mfungue yule mdogo macho kwa pamba na maji vuguvugu, umpashie moto chakula chake, na kesho asubuhi umpime tena. Siku zitakuwa nyingi, na huenda atabaki na chozi katika jicho moja maisha yake yote. Lakini usiku panya watakapoanza kukwaruza magunia, jicho lake la pili litakuwa wazi.